Marion Motley na yadi 4,720 zinazodanganya

Chukua orodha ya wakimbiaji wa futiboli ya Kimarekani, ipange kwa yadi walizokimbia na mpira, halafu anza kushuka. Juu kabisa yuko Emmitt Smith na yadi zake 18,355. Jim Brown, aliyeacha mchezo akiwa bado na nguvu zake zote, ana 12,312. Utashuka na kushuka mpaka uchoke kabla hujafika kwa Marion Motley mwenye 4,720. Na hizo ni zote kwa pamoja, kwa sababu kwa miongo mingi kumbukumbu rasmi za ligi ya NFL zilimwandikia 1,696 tu, kana kwamba nyingine alizikimbia usingizini.

Sasa waulize waliomwona uwanjani. Paul Zimmerman, mmoja wa waandishi wa Marekani walioujua mchezo huu kwa undani zaidi, alimtaja Motley kuwa mchezaji bora kuliko wote aliowahi kuwaona. Hakusema mkimbiaji bora. Alisema mchezaji bora, akijua fika kwamba kina Jim Brown nao aliwaona.

Basi ama kitabu cha takwimu kinadanganya, ama macho. Kwa maoni yangu vyote viwili vinasema kweli, ila vinazungumzia kazi mbili tofauti. Ili kuona hivyo inabidi tufumbue mafundo kadhaa yaliyojifunga pamoja: mchezo wenyewe ulivyochezwa wakati ule, ligi mbili zilizogombea watazamaji, na rangi ya ngozi ya Motley.

Tuanze na mchezo, kwa haraka. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Unaweza kusogea kwa kukimbia na mpira mkononi, au kwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki kuurusha mbele kwa mwenzake. Kila jaribio ni sekunde chache za watu 22 kugongana, kisha kila mtu anainuka, wanapanga upya.

Hapa neno linatuwekea mtego. Kwetu beki ni mlinzi. Ukisikia fulbeki unamfikiria mtu wa pembeni anayemkaba winga. Kule, beki ni yule anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake mpira unapoanza, na fulbeki ni mshambuliaji, tena kwa desturi ndiye mzito kuliko wote wa nyuma. Huyo alikuwa Motley. Urefu wake ulikuwa sentimita 185 hivi, uzito zaidi ya kilo 105, katika zama ambazo wengi wa wale waliotakiwa kumwangusha walikuwa wepesi kuliko yeye. Na alikuwa na mbio.

Mtu wa namna hiyo, ungesema, apewe mpira kila dakika. Hakupewa. Katika maisha yake yote ya kulipwa alibeba mpira mara 828, ambayo ni kama mara nane kwa mechi. Jim Brown, aliyekuja kushika nafasi hiyohiyo katika timu hiyohiyo mwaka 1957, alibeba mara 20 kwa mechi. Fundo la kwanza liko hapo: Motley alikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo haikuwa na mtu wa kuihesabu.

Kocha wake Paul Brown ndiye aliyeipa timu ya Cleveland Browns hata jina lake. Alikuwa mtu wa utaratibu wa kutisha: wachezaji walifanya mitihani ya kuandika, filamu za mechi zilichambuliwa kama ushahidi mahakamani, na kila mbinu aliituma uwanjani mwenyewe kupitia mchezaji aliyeingizwa na ujumbe. Wakati timu nyingi zikitegemea kukimbia, yeye alijenga mashambulizi yake juu ya mikono ya kwotabeki Otto Graham. Mrushaji anahitaji muda, japo sekunde tatu, na wapinzani kazi yao ni kumnyima hizo tatu. Kwa hiyo Brown aliwapanga walinzi wa Graham wajikunje kama bakuli, yeye akiwa katikati. Wanaopenya bakuli hilo wanakutana na nani? Motley.

Jaribu kuiona picha hiyo kwa karibu. Mpira unaanza. Graham anarudi nyuma hatua saba, macho yako mbali, anatafuta mtu wa kumrushia. Kutoka pembeni anakuja jitu la kilo 110 ambalo limeshamwangusha mlinzi wa kwanza. Graham halioni. Motley analiona, anapiga hatua moja ya upande, anainama, bega linaingia kifuani kwa yule bwana, basi, habari yake imeishia hapo. Graham anarusha, mpira unadakwa yadi 40 mbele, uwanja unalipuka. Kitabu kitaandika yadi 40 kwa Graham na yadi 40 kwa aliyedaka. Kwa Motley hakuna kitakachoandikwa. Mpaka leo hakuna takwimu rasmi ya kuzuia kwa bega. Hata upande wa pili wa shilingi, kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha, ligi haikuanza kuwahesabia wachezaji rasmi hadi mwaka 1982.

Wafuatiliaji wa soka wanamjua mtu wa aina hii. Ni kiungo mkabaji ambaye vijiweni hatajwi mpaka siku akosekane, na timu ikafungwa mabao manne.

Isitoshe, wapinzani walipokaribia mstari wa goli, Brown alimrudisha Motley uwanjani kama mlinzi. Miaka ya arobaini kuchezea pande zote mbili halikuwa jambo geni, lakini kadiri sheria za kubadilisha wachezaji zilivyolegezwa ndivyo watu walivyojichagulia upande mmoja. Motley aliendelea kuitwa huku na huku.

Na zile mara nane alizopewa mpira? Nyingi zilitokana na kazi hiyohiyo ya kumlinda Graham. Wapinzani walimkimbilia mrushaji kwa pupa kiasi kwamba waliacha mashimo nyuma yao. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba siku moja mambo yalimharibikia Graham, akabanwa kila upande, na kwa kukata tamaa akamkabidhi mpira Motley aliyekuwa jirani. Wale waliokuja kwa kasi walikuwa wameshapita. Mbele ya Motley palikuwa peupe, akatimka. Walipoitazama filamu waliona kwamba ajali ile inafaa kufanywa makusudi. Wakaifanya mbinu: Graham anajifanya anarusha, wapinzani wanaingia mtegoni, Motley anachukua mpira na kupita katikati yao. Leo kila timu inayo mbinu hiyo.

Ndiyo maana wastani wake unashangaza kuliko jumla. Gawa 4,720 kwa 828 unapata yadi 5.7 kila alipoushika mpira. Mkimbiaji anayepata nne anahesabiwa kuwa anastahili mshahara wake. Jim Brown alipata 5.2.

Fundo la pili ni ligi. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea ukingoni, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, Arch Ward, aliwakusanya matajiri wakaanzisha ligi ya kushindana na NFL. Iliitwa All-America Football Conference, AAFC kwa kifupi, na mechi zake zilianza 1946. Cleveland Browns ilizaliwa humo. Ajabu ni kwamba mji wa Cleveland ulikuwa tayari na timu ya NFL, Cleveland Rams, tena mabingwa wa 1945. Mwenye timu alikuwa anapata hasara, na sasa akaona mshindani anakuja na kocha ambaye jimbo zima la Ohio linampenda. Akafungasha mabingwa wake na kuhamia Los Angeles. Uhamisho huo uweke akilini, tutaurudia.

Ndani ya AAFC, Browns waligeuka kuwa tatizo la ligi nzima. Walitwaa ubingwa 1946, 1947, 1948 na 1949, yaani kila mwaka ligi hiyo ilipokuwepo. Katika mechi za kawaida za misimu hiyo minne walishinda 47, wakapoteza nne, wakatoka sare tatu. Mwaka 1948 hawakufungwa kabisa, na kwenye fainali waliichapa timu ya Buffalo 49–7, Motley akikimbia yadi 133 na kufunga tachidauni tatu, yaani mabao ya kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli. Watu hawalipi kiingilio kwenda kutazama mechi ambayo matokeo wanayajua. Desemba 1949 AAFC ikasalimu amri: timu tatu, Browns, San Francisco 49ers na Baltimore Colts, zikaingizwa NFL, zilizobaki zikavunjwa.

Washindi wa vita vya kibiashara huandika historia wapendavyo. NFL ilizipokea timu hizo tatu lakini ikaziacha takwimu zao mlangoni. Yadi 3,024 za Motley, ambazo hakuna mtu mwingine aliyezifikia katika AAFC, zikawa za ligi marehemu. Kwa kijana aliyefungua kitabu rasmi miaka ya sabini au themanini, Motley alikuwa mtu wa misimu michache ya kawaida iliyoanza akiwa na umri wa miaka 30.

Na hapa ndipo swali linapochoma: kwa nini mtu wa namna hii alianza kulipwa akiwa na miaka 26? Wakimbiaji wengi wa leo, wakifika umri huo, wameshaanza kuhesabiwa siku.

Motley alizaliwa Leesburg, Georgia, tarehe 5 Juni 1920, akakulia Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Timu ya shule yake ya sekondari ilifungwa na wapinzani wamoja tu, shule ya Massillon ya jirani, ambayo kocha wake alikuwa kijana mmoja aitwaye Paul Brown. Alicheza chuoni, kwanza South Carolina State na kisha Chuo Kikuu cha Nevada kule Reno. Mtu mweupe mwenye kipaji hicho angefuatwa na timu za kulipwa akiwa bado darasani. Motley hakufuatwa, kwa kuwa tangu 1934 hadi 1945 hakuna hata mchezaji mmoja mweusi aliyekanyaga uwanja wa NFL. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, kimyakimya, na makubaliano ya kimya ni magumu kuyashitaki.

Wengi humtaja Jackie Robinson wa besiboli kuwa ndiye aliyebomoa ukuta, Aprili 1947. Futiboli ilitangulia kwa mwaka mzima. Hata hivyo neno “wa kwanza” linahitaji uangalifu, maana weusi walikuwamo tangu mwanzo wa NFL mwaka 1920. Fritz Pollard alicheza na hata kuwa kocha miaka hiyo. Walikuwamo, wakaondolewa, na 1933 walibaki wawili tu, Joe Lillard na Ray Kemp. Kwa hiyo kilichotokea 1946 kilikuwa kurudi.

Kurudi huko kulipitia milango miwili. Wa kwanza ni ule uhamisho wa Rams. Walipofika Los Angeles walitaka kuutumia uwanja wa Coliseum, na Coliseum ni mali ya umma. Waandishi weusi wa mji huo, akiwamo Halley Harding, walikwenda mbele ya tume ya uwanja na kuuliza inawezekanaje kodi za watu wote zijenge uwanja halafu timu ibague. Rams wakasita kidogo, wakakubali: Machi 1946 wakamsajili Kenny Washington, nyota wa chuo kikuu cha UCLA ambaye magoti yake yalikuwa yameshachoka kwa kusubiri, kisha Woody Strode.

Mlango wa pili ni Paul Brown, ambaye hakusukumwa na tume yoyote. Wakati wa vita alikuwa akifundisha timu ya kambi ya jeshi la majini ya Great Lakes, na Motley, aliyekuwa mwanamaji huko, alimchezea. Mwaka 1945 timu hiyo iliichapa timu ya chuo kikuu cha Notre Dame 39–7. Baada ya vita Motley alirudi Canton kwenye kiwanda cha chuma, akasikia kocha wake anaunda timu, akamwandikia barua kuomba nafasi. Jibu lilikuwa kwamba wa nyuma wanatosha. Mwezi Agosti Brown akamchukua Bill Willis, mlinzi mweusi ambaye Brown alikuwa amemfundisha katika chuo kikuu cha Ohio State. Siku chache baadaye Motley akaitwa kambini Bowling Green. Yeye mwenyewe aliamini aliitwa ili Willis apate mtu wa kulala naye chumba kimoja, kwani mweupe na mweusi hawakuwekwa pamoja, na kwamba hakuna aliyetarajia angebaki kwenye timu. Fikiria hilo: mchezaji bora wa zama zake, kama Zimmerman alikuwa sahihi, aliingia kwenye mchezo wa kulipwa kama suluhisho la mpango wa malazi.

Brown aliwaonya wote wawili mapema kwamba watachokozwa na hawatakiwi kurudisha ngumi. Wakachokozwa kweli. Motley alisimulia jinsi wapinzani walivyomkanyaga mikono makusudi akiwa chini, viatu vyenye meno, huku matusi yakimiminika na waamuzi wakitazama pembeni. Dawa yake ilikuwa kuusubiri mpira unaofuata na kuwapitia juu.

Ila palikuwa na mahali ambapo hata hiyo hakuruhusiwa. AAFC ilikuwa na timu Miami, Florida, ambako sheria za ubaguzi zilitawala. Browns waliwapiga Miami Seahawks 44–0 mjini Cleveland Septemba 1946, mechi ya kwanza kabisa ya timu hiyo, mbele ya watu 60,135, Motley na Willis wakiwamo. Desemba ilipofika zamu ya kwenda Miami, vitisho vilikuwa vimetangulia, na Brown akawaacha wawili hao nyumbani. Browns walishinda 34–0. Seahawks walikufa mwisho wa msimu huohuo, kwa hiyo jaribio hilo halikujirudia. Lakini katika hesabu za Motley za 1946 kuna mechi moja pungufu, na sababu yake si goti.

Sasa tuje 1950, mwaka ambao mafundo yote yalikutana. NFL haikuamini kwamba hawa mabingwa wa ligi ndogo ni kitu. Kamishna Bert Bell akapanga mechi ya ufunguzi kwa makusudi: Browns dhidi ya mabingwa wa NFL, Philadelphia Eagles, huko Philadelphia, tarehe 16 Septemba. Walikuja watu 71,237 kuona wageni wanavyoadabishwa. Graham alirusha yadi 346 na tachidauni tatu, Browns wakashinda 35–10. Eagles walipolalamika kwamba wale wanajua kurusha tu, Brown aliweka kumbukumbu. Timu hizo ziliporudiana Desemba, alishinda 13–7 bila rekodi kuonyesha pasi hata moja. Nakiri napenda ukorofi wa namna hiyo.

Katikati ya mechi hizo mbili kuna tarehe 29 Oktoba. Pittsburgh Steelers walikuwa Cleveland, na Motley alipewa mpira mara 11. Alikimbia yadi 188, yaani mita 172. Kila aliposhika mpira alikwenda wastani wa zaidi ya mita 15. Browns walishinda 45–7. Wastani huo wa yadi 17.1 kwa mechi moja ulidumu kama rekodi kwa miaka 52, mpaka Michael Vick alipoupita mwaka 2002, na Vick alikuwa kwotabeki. Wengine wangempa mpira mara 30 siku kama ile. Brown alimpa 11, mechi ikawa imeisha, akamrudisha kwenye kazi ya bega. Motley alimaliza msimu akiongoza NFL nzima kwa yadi 810.

Fainali ilichezwa Cleveland mkesha wa Krismasi, uwanja ukiwa umeganda. Wapinzani? Los Angeles Rams, wale wale waliouhama mji huu miaka minne na ushee nyuma kumkwepa Paul Brown. Zikiwa zimebaki sekunde 28 Lou Groza alipiga mpira kwa mguu kutoka yadi 16, Browns wakashinda 30–28.

Baada ya hapo goti lilianza kudai. Aliumia 1951, akaendelea kwa kuchechemea hadi 1953, akakaa nje msimu wote wa 1954. Mwaka 1955 alipelekwa Pittsburgh, kwa wale wale aliowakanyaga, akacheza mechi chache na kuachwa. Miaka tisa tu, ambayo minne ilikuwa imefutwa vitabuni.

Alitaka kuwa kocha. Alijua mbinu za Browns kuliko wengi waliopewa kazi hizo, lakini mlango haukufunguka. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipomwendea Paul Brown kuomba kazi, aliulizwa kama amejaribu kiwanda cha chuma. Siwezi kuipatanisha kauli hiyo na Brown yule wa 1946, na sidhani kama nalazimika. Mwaka 1965 Motley alijitokeza hadharani kulalamika kwamba anafungiwa njia. Alifanya kazi posta, baadaye bahati nasibu ya jimbo la Ohio, kisha idara ya kuwahudumia vijana.

Jumba la kuwaenzi magwiji wa futiboli ya kulipwa lilifunguliwa 1963, na kati ya miji yote ya Marekani liliwekwa Canton. Motley aliingizwa humo 1968, mweusi wa pili baada ya Emlen Tunnell. Alifariki Juni 1999, akiwa na miaka 79.

Mwaka 2025, miaka 75 baada ya Browns kuingia NFL, ligi hatimaye ilikubali kuzijumuisha takwimu za AAFC katika kumbukumbu zake rasmi. Zile 3,024 zikarudi kwa mwenyewe, 1,696 ikawa 4,720, na ukiuliza ni mkimbiaji gani wa nyuma aliyebeba mpira mamia ya mara na kupata yadi nyingi zaidi kila mara, jina linalotokea ni lake. Ukitaka kujua ni mara ngapi alimzuia mtu asimfikie Otto Graham, itakubidi utafute filamu za zamani na kuhesabu kwa vidole.